Mapezi yaliyopasuliwa kwenye Ziwa Kivu: dalili, chanzo na namna ya kurekebisha

Mtu aliyezoea mapezi ya kuogelea, yale ya kuvaa miguuni, yenye bapa zima, akivaa kwa mara ya kwanza mapezi ambayo bapa lake limepasuliwa katikati, huibuka na lalamiko moja. Hapa Goma nimelisikia mara nyingi kwa vijana ninaoogelea nao upande wa Himbi: "Yaya, hizi palme haziko zinasukuma maji!" Mguu umekuwa mwepesi, hausikii kizuizi, na kichwa kinauchukua wepesi huo kuwa ni kutokwenda. Kijana anaongeza nguvu, anachoka, anarudi ufuoni akiwa amekwisha kuamua kwamba amepewa mapezi mabovu.

Mara nyingi mapezi hayana kosa. Miguu ndiyo bado inafanya kazi iliyofunzwa na mapezi ya zamani. Lakini si kila mara, na ndiyo maana inafaa kufuata dalili moja moja hadi kwenye chanzo chake badala ya kubahatisha.

Kabla ya yote, pata kipimo. Tafuta mahali penye maji tulivu unapoona chini, na uogelee sambamba na ufuo, kwa sababu ziwa letu huzama haraka: hatua chache kutoka kwenye mawe unaweza kuwa juu ya kina usichokiona, na katikati Kivu ina zaidi ya mita 470. Chagua alama mbili zisizohama, kwa mfano jiwe kubwa na mtumbwi uliotiwa nanga. Nenda na urudi, ili upepo ukikusaidia upande mmoja ukucheleweshe upande wa pili. Hesabu mateke na pumzi zako. Fanya hivyo kwa mapezi ya zamani, pumzika, kisha fanya kwa mapya, siku hiyo hiyo. Uzito unaousikia mguuni hausemi lolote kuhusu mwendo. Jiwe la chini linalopita mbele ya maski ndilo linalosema. Nimeona watu wakifika alama ya pili mapema zaidi kwa mapezi mapya huku wakiapa kwamba hawakusonga.

Na ubadilishe jambo moja tu kwa wakati mmoja. Ukipunguza risasi za mkanda (vile vipande vizito vya kiunoni vinavyomsaidia mtu kuzama), ukabadilisha teke na ukakaza kamba za viatu kwa pamoja, hutajua ni kipi kilichosaidia.

"Napiga miguu lakini siendi"

Kwanza shuku upana wa teke. Mapezi mazito ya mpira yenye matundu, ya ule mtindo aliouleta Mfaransa Georges Beuchat mwaka 1964 na ambao bado una wapenzi wengi, yanalipa nguvu. Ukisukuma polepole kwa paja zima, bapa linakamata maji mengi na kukutupa mbele, kisha unateleza kidogo kabla ya teke linalofuata. Pezi lililopasuliwa halifanyi hivyo. Mguu ukishuka, kila nusu ya bapa hujipinda kidogo upande wake, maji mengine hupita kwenye mpasuko, na nusu hizo mbili hufanya kazi ya mabawa mawili madogo. Ili zijipinde inavyotakiwa zinahitaji mwendo mfupi wa haraka usiokatika. Ukilipa teke pana la polepole, nusu zile hukaa bila kazi sehemu kubwa ya safari, na mguu wenyewe unatoka nje ya njia ambayo mwili wako umekwisha kuipasua majini. Hapo unakuwa breki.

Dawa yake ni kupunguza. Visigino visiachane zaidi ya sentimita 40 hivi, na mateke yafuatane bila kituo katikati. Mtazame mama anayewasha makala, yaani makaa: hapungi mkono mzima, anatikisa kifuniko kidogo kidogo mbele ya mbabula, lile jiko lake, haraka, na moto unashika. Miguu yako inataka mdundo huo, ila nguvu itoke kwenye nyonga. Siku za kwanza utajisikia kama mtu anayefanya mzaha majini. Angalia jiwe la chini, endelea.

Kama upana umepungua na bado husogei, shuku goti. Wengi wakiambiwa wapige haraka huanza kukunja goti, paja linakuja mbele kuelekea tumbo na pezi linaburutwa tu nyuma na mbele bila kusukuma. Mtu mwenyewe hawezi kuliona kosa hili akiwa kifudifudi, kwa hiyo kuna njia mbili za kulithibitisha. Mwombe mwenzako azame kidogo akutazame kutoka ubavuni. Au lala ubavu, mkono wa chini umeunyoosha mbele, upige miguu hivyo huku ukitazama nyuma kupitia maski. Sasa unaiona miguu yako yote miwili. Goti likiwa linasafiri kuliko kisigino, umekipata chanzo. Rekebisha ukiwa bado umelala ubavu: acha goti lilegee kidogo bila kulifunga, nyoosha mgongo wa mguu bila kuukaza, na uanzishe kila teke kwenye nyonga. Ninaipenda sana njia hii ya ubavu kwa sababu jicho linaufundisha mguu papo hapo, bila mwalimu kupiga kelele ufuoni.

Chanzo cha tatu ni mwili kuning'inia. Acha kupiga miguu ghafla ukiwa chini ya maji, ubaki kimya, usitumie mikono. Miguu ikizama mara moja na kichwa kubaki juu, ulikuwa ukiogelea kama mtu anayepanda ngazi, na sehemu ya kila teke ilikuwa ikikusukuma juu, si mbele. Mapezi mazito ya mpira huificha hitilafu hii kwa nguvu zake. Haya mepesi huianika. Mara nyingi kosa liko kwenye mkanda wa risasi. Aliyejifunza baharini, kule Mombasa au Zanzibar, akija Kivu na hesabu ile ile ya risasi amebeba za ziada. Maji ya chumvi ni mazito kwa karibu asilimia 2.5 kuliko maji baridi, kwa hiyo mtu ambaye yeye na vifaa vyake wanachukua nafasi ya lita 80 anapaswa kutoa kama kilo 2. Toa risasi moja, jaribu tena kwenye maji ya kifuani. Anayetumia chupa ya hewa mgongoni anaweza pia kusogeza sehemu ya uzito kutoka kiunoni kwenda juu kuelekea mabegani. Kisha tazama chini badala ya mbele: ukiinua kichwa kutafuta njia, nyonga zinashuka zenyewe.

Kinyume chake hutokea pia. Baadhi ya mapezi haya yametengenezwa kwa plastiki nyepesi inayoelea. Aliyetoka kwenye mpira mzito anashangaa miguu inapanda juu na kichwa kinaelekea chini. Huyo risasi zake zishuke kidogo kuelekea kiunoni, si kuongezwa.

Ukishapita hatua zote hizo na kipimo bado kinasema mapezi ya zamani yanashinda kwa mbali, basi lichunguze pezi lenyewe. Mengi yanayofika mikononi mwetu huwa yamekwisha kutumiwa na mtu mwingine. Shika kila nusu ya bapa, ikunje taratibu, iachie. Zote nne zirudi kwa namna moja. Nusu iliyolegea kuliko wenzake, au yenye nyufa nyeupe karibu na kiatu, imechoka, na hakuna mbinu ya mguu itakayoirudishia uhai. Kuna pia bapa ambalo ni laini mno kwa mtu mzito mwenye miguu yenye nguvu. Huyo atafute lililo gumu zaidi la mtindo huo huo.

"Misuli inanikaza"

Uliza kwanza: wapi? Jibu lako ndilo linaloonyesha chanzo.

Ikikaza chini ya unyayo, kiatu cha pezi ni kikubwa. Vidole vinajikunja kulishika pezi lisitoke, na vinafanya hivyo bila wewe kujua, dakika baada ya dakika. Vaa soksi nene ya mpira au ubadilishe kipimo. Kukaza mkanda peke yake hakutoshi, kwa sababu unavuta kisigino tu huku vidole vikibaki na nafasi.

Ikikaza kwenye shavu la mguu, unanyoosha mgongo wa mguu kwa nguvu mno, kosa la wale waliosoma kwamba mguu lazima unyooke. Unyooke, ndiyo, lakini kwa kulegea. Maumivu ya mbele ya paja yanatokana na lile goti tulilolizungumzia. Ya nyuma ya paja huwapata wanaovuta mguu juu kwa bidii wakati wa kurudi. Kwa mapezi haya safari ya kwenda juu inafaa iwe nyepesi kama ya kwenda chini, bila kutiwa nguvu ya ziada.

Misuli ikikaza ukiwa majini, simama, jiweke uelee, nyoosha goti, shika ncha ya pezi uivute kuelekea kwako mpaka msuli uachie. Usirudi ufuoni kwa kupiga mguu ule ule. Na ukumbuke baridi: juu ya ziwa maji huwa ya nyuzi 24 hivi, yanapendeza mwanzoni, ila ukikaa muda mrefu bila vazi la mpira mwili unapoa na msuli uliopoa hukaza upesi kuliko mwingine wowote. Hapo si kosa la mapezi wala la mbinu. Toka, ota jua.

"Napinda upande mmoja"

Hii ina jaribio rahisi kuliko zote, nami nashangaa ni wachache wanaolifanya. Kama viatu vya mapezi havina kushoto na kulia, vibadilishe: pezi la mguu wa kulia lende kushoto. Ogelea tena bila kutazama dira, macho chini, kisha inua kichwa uone umeishia wapi. Ukipinda sasa upande wa pili, pezi moja limechoka. Ukiendelea kupinda upande ule ule wa kwanza, ni mguu wako.

Karibu kila mtu ana mguu mmoja wenye nguvu, na mapezi ya kushtuka haraka namna hii huonyesha tofauti ambayo mapezi mazito yaliimeza. Usijaribu kuupunguza mguu wenye nguvu. Lala kwa ubavu, halafu ubavu wa pili, umbali sawa, mpaka ule dhaifu uzoee mdundo. Angalia pia vifundo: vidole vikigeukia ndani, ncha za mapezi zinagongana na kila kugongana kunakusukuma kidogo pembeni. Ukisikia mgongano huo, panua miguu kiasi cha upana wa nyonga, basi.

"Juu ya maji napiga kelele tu"

Mapezi yanatoka nje ya maji na kukata hewa. Ukiwa na tuba ya kupumulia mdomoni, uso majini, zamisha nyonga kidogo na upige teke fupi zaidi, ncha zibaki chini. Safari ikiwa ndefu, geuka chali. Hapo mabapa yanazama yenyewe na tumbo linapumzika. Alasiri upepo ukianza kuvuka ziwa na mawimbi yakaja, chali ndiyo namna ninayoipendelea, mradi ugeuze kichwa mara kwa mara kutazama boti. Madereva wa boti za kasi hawakuoni.

"Natimua matope, na kurudi nyuma siwezi"

Mtindo wa chura, ule wa kufungua miguu na kuikutanisha nyayo kwa nyayo, ndio unaowafaa wanaotaka kupita karibu na sakafu bila kuivuruga. Kwa bapa gumu unafanya kazi vizuri sana. Kwa bapa lililopasuliwa maji yanapenya katikati na unapata nusu ya ulichokizoea. Unaweza kuboresha kidogo kwa kufupisha: usifungue miguu sana, geuza nyayo zitazamane mapema, funga taratibu, kisha teleza. Lakini sitamdanganya mtu. Kama kazi yako kubwa ni kutafuta vitu vilivyozama kwenye tope, haya si mapezi yako.

Kwa matembezi ya kawaida kuna njia nyingine: kunja magoti mpaka mapezi yawe juu kuliko mgongo, upige mateke madogo ya vifundo tu. Maji yanayosukumwa hupita juu ya sakafu badala ya kuigonga. Mbele ya Goma utafurahia mbinu hii hasa baada ya mvua, mitaro ya mji inapoleta udongo ziwani. Kwenye mchanga mweusi wa volkano vumbi hutua upesi, tope la mitaro halitui.

Kurudi nyuma kwa mapezi haya ni kazi ngumu hata kwa mzoefu. Tumia mikono au ugeuke. Ni heri kujua jambo hilo kabla ya kuingia mahali pembamba katikati ya mawe.

Nalo jambo la mawe lina habari yake. Ufuo wetu mahali pengi ni lava, mingine ya zamani sana, mingine iliyoshuka Januari 2002 ikapita katikati ya mji mpaka ziwani. Ni mawe ya makali. Ncha za mapezi yaliyopasuliwa ni laini na zina kona nyingi za kunasa, kwa hiyo usitembee nazo juu ya lava. Beba mapezi mkononi, ingia mpaka maji ya kiunoni, mshike mwenzako bega, vaa moja baada ya jingine. Ukiona mpasuko umeanza kurefuka kuelekea kwenye kiatu, pezi hilo linakaribia mwisho wake.

"Kitu kimenishika mguu"

Hili nalitenga kwa sababu ni la hatari, na kwa Kivu ni la kila siku. Wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo, hutega nyavu, na vipande vya nyavu vilivyokatika hubaki kwenye mawe. Kamba za nailoni zisizoonekana nazo ni nyingi. Mpasuko wa pezi ni mlango uliofunguka. Kamba ikiteleza ndani yake, kila teke linaivuta mpaka kwenye pembe ya ndani, na huko inabana.

Dalili ya kwanza ni mguu mmoja kuwa mzito ghafla. Usipige teke la nguvu kujinasua, wala usijizungushe kutazama, maana kujizungusha kunakusokota zaidi. Acha miguu kabisa. Rudi nyuma kidogo kwa mikono ili kamba ilegee, kunja goti, ulete pezi kifuani, uitoe kwa vidole. Isipotoka, mwenzako akate. Kama uko peke yako na huna kisu, fungua mkanda uliache pezi lile: pezi hupatikana jingine. Kabla ya kuingia, kunja ncha za mikanda ya viatu zielekee ndani, zisiwe ndoano za ziada. Na nyavu za mtu zikiwa zimetegwa, pita mbali nazo. Ni mali yake na ni chakula cha nyumba yake.

"Kiatu kinanichubua"

Malengelenge juu ya kisigino ni mkanda uliokazwa mno kufidia kiatu kikubwa. Mchubuko juu ya vidole ni kiatu kifupi. Katika hali zote mbili soksi ya mpira inasaidia, kubadilisha kipimo kunamaliza. Vaa mapezi yakiwa yamelowa. Makavu yanachuna ngozi hata kabla hujaanza.

"Napanda haraka kuliko nilivyotaka"

Wanaotumia chupa wasiichukulie dalili hii kama jambo dogo. Teke fupi la haraka halichoshi, hivyo mtu anapanda bila kusikia kwamba anapanda. Acha kupiga miguu unapoelekea juu, toa hewa kwenye jaketi la kuelea mapema, tazama kipimo cha kina na mapovu yako madogo: usiyapite.

Kwetu jambo hili lina uzito zaidi kuliko pwani. Uso wa Kivu uko karibu mita 1,460 juu ya bahari, na shinikizo la hewa hapa ni pungufu ya lile la pwani kwa kama asilimia 15. Majedwali ya kawaida ya kupiga mbizi yametungwa kwa usawa wa bahari. Kuanzia mita 300 hivi juu yake inatakiwa kutumia majedwali ya miinuko au kuipanga saa ya mbizi kwa mwinuko huo. Ukishatoka majini usipande gari siku hiyo kwenda juu Masisi, wala usiuanze mlima wa Nyiragongo, kwa maana kwenda juu zaidi ni kama kuendelea kuibuka.

"Nahema, na kichwa kinaniuma"

Mwanzoni dalili hii inaweza kutoka kwenye mapezi. Aliyeambiwa apige haraka anapiga kama anafukuzwa, na pumzi inakimbia pamoja na miguu. Punguza mdundo mpaka uweze kutoa pumzi ndefu, iliyo ndefu kuliko ile uliyovuta, kwa mateke sita au manane. Kama huwezi, bado unapiga kwa kasi kupita kiasi. Tuba ndefu mno nayo ina mchango: hewa uliyoitoa inabaki ndani yake na unaivuta tena.

Lakini kama kichwa kinauma ukiwa unaogelea taratibu karibu na ufuo, asubuhi isiyo na upepo, acha kufikiria mapezi. Fikiria mazuku. Mtu wa Goma hahitaji kuelezwa ni nini, ila wengi wetu tunaihesabu kuwa habari ya mashimo na mashamba, tukiingia majini tunaisahau. Hewa hiyo ya ukaa inayotoka ardhini ni nzito kuliko hewa ya kawaida. Inashuka na kulala mahali pa chini, na kwenye ufuo hakuna mahali pa chini kuliko uso wa ziwa. Hapo ndipo mdomo wa mwogeleaji na ncha ya tuba yake vilipo. Usiku na alfajiri tulivu inajikusanya. Jua na upepo huitawanya. Upande wa magharibi wa mji kuna ghuba ndogo ambazo wenyeji wanazijua kwa jina na kwa misiba. Waulize kabla hujavua nguo. Ukikuta ndege au panya aliyekufa bila jeraha kwenye mawe ya maji, ondoka.

Ukisikia kuhema kusiko na sababu, kizunguzungu, miguu kuishiwa nguvu, elekea mahali palipoinuka na penye upepo. Usiketi ufukweni kupumzika, maana kuketi ni kujishusha ndani yake. Mwenzako akianguka mahali pa namna hiyo, usimkimbilie ukiwa umevuta pumzi kwa pupa. Wengi wamekufa wakiokoa. Na kwa Ghuba ya Kabuno, kule kuelekea Sake, maji yenye gesi nyingi huanza kwenye kina cha mita kumi na chache tu, tofauti na ziwa kuu ambako hukaa mbali chini. Sioni sababu ya mtu kupeleka mazoezi yake huko.

Kuna pia wanaozama kwa pumzi moja, bila chupa. Mapezi mapya yakiwapa wepesi, wanataka kwenda chini zaidi, na kabla ya kuzama wanavuta pumzi nyingi za haraka wakidhani wanajaza mapafu akiba. Hawajazi akiba. Wanatoa ile hewa ya ukaa ambayo kuongezeka kwake ndiko kunakoushtua mwili uombe kupumua, oksijeni inaisha kabla mshtuko haujaja, na mtu anazimia chini ya maji bila dalili yoyote. Pumua kawaida, zama mmoja, mwingine abaki juu akitazama.

"Nikimvuta mtu, mapezi hayatoshi"

Ni kweli, hayatoshi, na hapa sitafuti kosa kwa mwogeleaji. Ukiwa na mzigo, mwendo unashuka, na kwa mwendo wa chini sana nusu za bapa hazipati maji ya kuzipinda. Teke linakuwa tupu. Bapa zima gumu linashinda waziwazi: kwenye kumvuta mtu, kwenye kuburuta mtumbwi, kwenye kukabili mawimbi ukiwa umebeba vifaa.

Unaweza kupunguza pengo. Mlaze unayemvuta awe bapa juu ya maji, maana miguu yake ikining'inia ndiyo inayokuzuia, si uzito wake. Wewe ulale chali, mkono mmoja umemshika kwapani, na mdundo uwe ule ule wa haraka. Usirudi kwenye teke pana la zamani kwa sababu tu kazi imekuwa ngumu. Lifanyie mazoezi hilo na mwenzako anayejilegeza kabisa, mita 50 kwanza, kwa mapezi ya aina zote mbili, ukihesabu mateke.

Tuliokuwa Goma Oktoba 2024, boti ilipopinduka ikikaribia bandari ya Kituku huku watu wakiiona kutoka nchi kavu, tunajua umbali mfupi kutoka ufuoni unaweza kuwa mrefu kiasi gani kwa asiyejua kuogelea, na kwa anayemwendea. Kwa hiyo ushauri wangu kwa vijana wanaojitolea kuokoa ni huu: mapezi yaliyopasuliwa yavae kwa mazoezi ya kila siku, kwa masafa marefu na kwa kuilinda goti yenye maumivu. Jozi ya mpira mgumu iwekwe tayari kwenye boti au kwenye mfuko ufuoni, mikanda yake imelegezwa kwa kipimo cha mguu wako, na angalau mara moja kwa wiki ivae uogelee nayo, ili siku ukiihitaji miguu isianze tena kuuliza ipige vipi.